Umejuaje? Hadithi ya Githeri na Akili za Watoto wa Embu

Paukwa! Semeni pakawa, kisha msogee huku kivulini, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watoto wa darasa la kwanza, masufuria ya githeri, mbuzi wa maziwa, na daktari mmoja wa zamani aliyeandika upuuzi na serikali ikamwamini. Mengi yalitokea hapa hapa kwetu. Ukitoka mtaani kwetu Majengo ukafika stendi ya Embu, ukapanda matatu ya barabara ya Runyenjes na Chuka, utafika Kyeni kabla hujachoka kukaa.

Tuanze na mtoto mmoja. Simpi jina, kwa sababu mnamjua: kila darasa lina wake. Anakaa nyuma. Mwalimu anauliza swali, yeye macho yako dirishani. Akisimamishwa, anajikuna shingo na kunyamaza. Wenzake wameshambandika jina la utani, nalo si zuri.

Kwa nini hasikilizi? Uliza mtaani uone majibu yanavyomiminika. Jirani atakwambia ni kichwa ngumu, amerithi kwa babake. Mwenye duka atasema ni simu, watoto wa siku hizi. Shangazi atanong'ona kwamba kuna mtu ana jicho baya. Mwalimu aliyechoka atasema mvivu. Wote wana majibu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali dogo: umejuaje?

Swali hilo ndilo roho ya elimu inayoitwa saikolojia, elimu ya kuchunguza akili na tabia. Watu walijiuliza habari za akili tangu zamani, ila mwanzo wa saikolojia kama sayansi yenye maabara yake huwekwa 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara huko Leipzig, Ujerumani. Tangu hapo wanasaikolojia hawajaacha kubishana, na tukiwaita wamtazame mtoto wetu wa nyuma, kila mmoja atakuja na mtazamo wake.

Wa kwanza ni wa mtazamo wa tabia. Mizizi yao inafika kwa Ivan Pavlov, Mrusi aliyeona mbwa wakianza kudondokwa na mate hata kabla chakula hakijafika, mara tu wakipata dalili kwamba kinakuja. Baadaye Wamarekani John Watson na B. F. Skinner wakasema tuache kubahatisha yaliyomo kichwani, tutazame kinachoonekana: mtu anafanya nini, na baada ya kufanya anapata nini. Hawa watauliza: mara ya mwisho mtoto huyu alipojibu, ilikuwaje? Kama alikosea na darasa zima likaangua kicheko, basi amejifunza somo, ila si lile la kwenye ubao. Amejifunza kwamba kunyamaza kuna usalama.

Wa pili ni mfuasi wa Sigmund Freud wa Vienna. Yeye ataacha darasa na kwenda kutafuta utotoni, kwenye hofu na tamaa ambazo mtoto mwenyewe hazijui. Nawaambia wazi, Freud ni msimulizi ninayemwonea wivu. Lakini hadithi zake zina kasoro moja: hazikamatiki. Mtoto akilia, Freud amepata. Asipolia, anaficha, Freud amepata tena. Dai ambalo haliwezi kushindwa na chochote halijajibu lile swali letu.

Wa tatu ni wa mtazamo wa utambuzi. Huyu anataka kujua kinachopita kati ya sikio na mdomo. Hapa Majengo swali lake lina uzito. Mtoto anaweza kuamka na Kiswahili cha mama, akasalimiwa na nyanya yake kwa Kiembu au Kimeru, kisha saa mbili asubuhi akaulizwa hesabu kwa Kiingereza. Nafasi ya kushikilia mambo kichwani kwa wakati mmoja ni ndogo kwa kila binadamu. Ikiwa nusu yake imeliwa na kazi ya kuelewa swali, imebaki ngapi ya kutafuta jibu? Unayemwona amenyamaza huenda yuko kazini.

Wa nne, wa mkondo wa Abraham Maslow, atauliza kama mtoto anahisi yuko salama na anapendwa, na hilo ni la kuulizwa kweli. Wa tano ataomba tone la damu: ana upungufu wa damu? Ana minyoo? Alikula nini asubuhi? Huyu ni wa mtazamo wa biolojia, na mshikeni vizuri, tutamrudia.

Wa sita, wa mtazamo wa utamaduni, atatutibulia mkutano kwa kuuliza: mnasema hana akili, akili gani? Tuna ushahidi wa karibu. Katika kijiji cha Usenge, upande wa Ziwa Viktoria, kundi la Robert Sternberg liliwapima watoto wa miaka 12 hadi 15 kwa mtihani wa aina yake: dawa za miti shamba. Mti gani ni wa ugonjwa gani, unatumiwaje, kiasi gani. Watoto wa huko huzijua dawa hizo kwa sababu huumwa na kuzihitaji. Watafiti walipolinganisha alama hizo na za mitihani ya mtindo wa shule, hasa ya msamiati, waliona kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati. Matokeo yalichapishwa 2001. Mtoto aliyefeli karatasi moja alikuwa bingwa wa nyingine, ila hiyo nyingine hakuna shule iliyoitunga.

Sasa nani kati ya hao sita amesema kweli? Msikimbilie kupiga kura. Mtazamo unakuonyesha pa kutazama tu, haujakwambia kilichopo. Ili ujue kilichopo unahitaji njia, na njia mbovu inaweza kudhuru watu. Hapo ndipo anapoingia yule daktari.

Jina lake J. C. Carothers. Mwaka 1938, enzi za ukoloni, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akaisimamia hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Naam, mmesikia sawasawa.

Alijuaje? Alikuwa amewaona wagonjwa waliolazwa Mathari, na wafungwa. Kutoka kwao akaruka hadi bara zima. Fikiria mtu aketi mlangoni mwa kliniki ya meno wiki nzima, kisha atangaze kwamba watu wa Embu wote wameoza magego. Kundi dogo unalolichunguza ili uongee juu ya kundi kubwa huitwa sampuli, na sampuli yake ilikuwa imepinda tangu mwanzo. Jicho nalo lilikuwa la mkoloni: lilikwenda kutafuta lilichokwisha kukiamini.

Laiti angeishia kwenye kitabu. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Badala ya kuona watu wanaodai ardhi na uhuru, aliona akili zilizovurugika, na aliunga mkono kuwahamishia watu katika vijiji vilivyopangwa. Wazee wa Embu, Meru na Ukikuyuni wanajua vijiji hivyo vilikuwaje: mahandaki, amri ya kutotoka nje, askari mlangoni. Mkiona mtu mzima wa huku anauliza maswali mengi kabla ya kujaza fomu ya mtafiti, msimwite mkaidi.

Miaka thelathini baadaye watafiti wengine walifika Embu, na hawa walikuja na daftari za kuhesabia. Ulikuwa mradi wa lishe na makuzi ya watoto ulioanza katikati ya miaka ya 1980. Miongoni mwa waliouongoza walikuwa Charlotte Neumann, daktari wa watoto, na Marian Sigman, mwanasaikolojia, wote wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakishirikiana na Wakenya.

Njia yao ya kwanza ilikuwa kuangalia. Inasikika kama kazi ya mvivu, jaribuni muone. Unaketi kwenye uwanja wa nyumba, mama anapepeta maharagwe, dada mkubwa amembeba mdogo, kuku wanapita. Humshauri mtu, hucheki na mtoto. Unaandika tu: mtoto ametoa sauti, je, kuna aliyemjibu? Ameongeleshwa? Amebebwa? Neno moja moja, dakika kwa dakika, nyumba baada ya nyumba. Halafu watoto walipimwa. Wale walioongeleshwa mara nyingi, na ambao sauti zao zilijibiwa, walielekea kufanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Waliobebwa sana walielekea kufanya vibaya.

Naona mmoja wenu ameshainua mkono kusema kubeba mtoto kunadumaza akili. Shusha kwanza. Nani hubebwa sana? Huenda ni yule mgonjwa, dhaifu, asiyetaka kushuka. Basi udhaifu ndio uliozaa kubebwa, na udhaifu huo huo ndio uliozaa alama ndogo. Mambo mawili yakitembea pamoja, hujajua bado nani amemshika mkono mwenzake, au kama wote wawili wameshikwa na wa tatu. Uwiano si sababu. Nusu ya makosa mnayosoma kwenye simu kila siku yamezaliwa kwa kusahau maneno hayo matatu.

Kisha likatokea lisilopangwa na mtu. Mwaka 1984 mvua ilikataa, na Kenya ikapata ukame mkali. Chakula kilipungua Embu kama kwingine, watafiti wakiwa pale pale na daftari zao. Waliona kwamba familia ziliwakinga wadogo kabisa. Waliopunguziwa zaidi walikuwa watoto wa shule. Hao wakaanza kutulia isivyo kawaida: uwanjani walicheza kidogo, na darasani usikivu wao ulishuka. Mwalimu asiyejua yaliyo chunguni kwao angeandika nini kwenye ripoti? Mvivu. Angalieni jinsi tabia inavyoweza kuwa tumbo linaongea.

Hata hivyo ukame ni mwalimu asiye na mpangilio. Uliwapiga watu kwa njia nyingi mara moja, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kilifanya nini. Ukitaka kuijua sababu yenyewe, inakubidi ubadilishe kitu kimoja kwa makusudi na kuacha vingine kama vilivyo. Hilo ndilo jaribio, na jaribio la Embu linajulikana duniani.

Lilianza 1998 Kyeni, kwenye shule 12 za msingi, na watoto 555 wa darasa la kwanza. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili, githeri na maziwa. La tatu, githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu ya chakula ilingane na ya wengine. La nne halikupewa chakula. Lishe ikaendelea kwa mihula saba, yaani miezi 21.

Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu kama mwalimu mkuu angechagua, huenda nyama ingekwenda kwenye shule yenye wazazi wenye sauti, au yenye watoto wanaopendeza machoni. Kura haina shemeji. Na kwa nini kundi la mafuta? Fikirini wenyewe: kama wa nyama tu ndio wangekula, ungejuaje kama kilichosaidia ni nyama au ni kushiba tu?

Kundi la nne ndilo linalowasumbua watu, nami lilinisumbua. Mnawaacha watoto bila chakula ili mpate cha kulinganishia? Watafiti walijua deni hilo. Familia za kundi hilo zilipewa mbuzi wa maziwa, wa thamani inayokaribiana na chakula ambacho wenzao walikula. Siku hizi mtu hawezi kufanya utafiti Kenya bila kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na watoto hawaguswi bila ridhaa ya wazazi.

Walipima nini? Kipimo kimoja ni cha mafumbo ya picha alichokitoa Mwingereza John Raven mwaka 1938. Watoto hutumia toleo lake la rangi. Hakina maneno. Unaonyeshwa picha iliyosukwa kwa mistari na maumbo kama mkeka, na pembe moja imetobolewa. Chini kuna vipande sita. Kipi kinaziba tundu ili msuko uendelee? Mbali na mafumbo hayo walipima hesabu na uelewa wa maneno. Na wakaenda kuwatazama watoto uwanjani wakicheza, kama walivyofanya zamani.

Kwenye mafumbo ya picha, watoto wa githeri ya nyama waliwapita wengine wote. Kwenye hesabu, wa nyama na wa mafuta waliwapita waliokaa bila. Kwenye uelewa wa maneno, makundi hayakutofautiana. Uwanjani wa nyama walikuwa wachangamfu zaidi na wepesi wa kuanzisha michezo na kuongoza wenzao. Nyama ina chuma, zinki na vitamini B12. Mahindi na maharagwe ya githeri ni chakula kizuri, ila yana vitu vinavyozuia mwili kufyonza chuma na zinki. Mtu wa biolojia alikuwa na hoja.

Na maziwa je? Hapa hadithi inakataa kunyooka, na ndiyo sababu naipenda. Kwenye mafumbo ya picha maziwa hayakuleta faida waliyotarajia wengi. Lakini watafiti waliporudi kwenye alama za mitihani ya shule yenyewe, katika uchambuzi uliochapishwa 2014, wa nyama waliongoza tena, hadi kwenye Kiembu na Kiswahili, na safari hii wa maziwa nao walifanya vizuri kuliko waliokosa chakula. Watoto ni wale wale, githeri ile ile, kipimo tofauti, jibu tofauti. Anayekwambia kwamba akili ni namba moja iliyoandikwa kwenye karatasi moja, muulize karatasi ipi.

Kuna kisa kingine kilichozaliwa na daftari hizo. Kwa kuwa watoto wa Embu walikuwa wamepimwa 1984 na wengine wa rika lao wakapimwa 1998, ikawezekana kulinganisha vizazi. Mwaka 2003 Tamara Daley na wenzake walitangaza kwamba alama za mafumbo ya picha zilikuwa zimepanda mno, kiasi cha pointi 26 za kipimo cha akili kwa miaka 14. Kupanda kwa namna hiyo kulikuwa kumeonekana kwenye nchi tajiri, na James Flynn wa New Zealand ndiye aliyekupa umaarufu. Kukuona kijijini Kenya lilikuwa jambo jipya. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Waliochambua walitaja lishe na afya bora zaidi, wazazi waliosoma zaidi, na familia zenye watoto wachache. Kukariri tarakimu, kwa upande wake, hakukupanda.

Natamani Carothers angeyasoma matokeo hayo. Wajukuu wa wale aliowaandika kwamba ubongo wao una kasoro walipanda ngazi hiyo mbele ya macho ya dunia, hapa hapa Embu, bila kukatwa wala kuongezewa kitu kichwani.

Haya, zamu yenu. Tuseme Majengo kuna shule mbili. Moja inatoa uji saa nne, nyingine haitoi. Ya uji inaongoza mitihani. Mtu anasimama kwenye mkutano wa wazazi na kusema: uji ndio siri. Mtamuuliza nini? Mmoja wenu aulize kama shule ya uji ina karo kubwa zaidi. Mwingine aulize kama ilikuwa ikiongoza hata kabla ya uji. Kuna atakayeuliza walimu ni wangapi, na atakayetaka kujua kama watoto wanaofeli huhamishwa kimyakimya kabla ya mtihani. Mkitaka kwenda wenyewe kuhesabu ni wangapi wanaosinzia baada ya saa sita, ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu, msiandike jina la mtoto yeyote, na muwe wawili mnaoandika kila mmoja daftari lake bila kuchunguliana. Mkilinganisha madaftari na yakatofautiana sana, msiwaseme watoto kwanza. Kubalianeni upya kusinzia ni nini: ni macho kufumba, au ni kichwa kulala juu ya dawati? Kisha rudini kesho mhesabu tena.